Kambi ya vijana Mikindani: shajara ya mradi, Machi hadi Oktoba 2024

Jumapili, 3 Machi

Daftari la tatu. Mawili ya kwanza yako kabatini, na Baba Watoto kaniwekea sharti nisiandike chochote humu kabla sijayasoma yale. Nimeyasoma leo baada ya ibada. Si usomaji wa kufurahisha.

Juni 2022 tulipika chakula cha watu sitini, wakaja kumi na wanne. Tulikuwa na mwaka mmoja hapa Mikindani, pwani ya Mtwara, tumetoka Njombe na kalenda ya Njombe kichwani: shule zikifungwa watoto wapo nyumbani hawana kazi, gonga kengele waje. Hatukujua kwamba huku shule zikifungwa ndipo nyumba zinapoanza shughuli zake. Wasichana walikuwa ndani wanachezwa unyago. Wavulana wadogo wako jandoni. Vijana wenye nguvu wako mashambani wanapulizia salfa mikorosho. Mchele uliobaki tuliula mpaka Septemba, na kitinda mimba wetu hadi leo akiona wali na maharage anauliza kama ni ule wa kambi.

Tukasema basi, tuhamie Desemba. Desemba 2023 wakaja 31, na mvua ikaja nao. Mahema mawili ya kuazima yalilala chini usiku wa pili, tukakimbilia kanisani wote, wasichana upande wa madhabahu, wavulana upande wa mlango, na mama mmoja mzee wa kanisa katandika mkeka wake katikati kama mpaka wa nchi. Watoto walifurahi mno. Mimi nilikaa macho nikihesabu vichwa.

Mwaka huu tunarudi Juni. Ila safari hii tunaanza kwa kuuliza, ndipo tutangaze.

Kwa wanaotusoma kwa mara ya kwanza: sisi ni watu watano, mume wangu mwinjilisti, mimi, na watoto watatu, tuliotumwa na usharika wetu wa Njombe kufanya kazi ya vijana huku kusini. Mtu akisikia "familia ya wamisionari" anachungulia nyuma yetu kumtafuta Mzungu. Tumezoea.

Jumamosi, 16 Machi

Tumekwenda Masasi kwa basi la asubuhi kuomba vijana kumi na wawili kutoka makanisa rafiki, tukakaa saa tatu kwa mzee mmoja wa kanisa aliyetupa zaidi ya hao vijana.

Nilimweleza juu ya 2022. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Mwinjilisti, mlitangaza kambi mwezi wa jando bila kumwambia mwenye jando?"

Yeye mwenyewe aliingia jando la kanisa. Masasi jambo hili ni la zamani. Misheni ya Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilianza pale mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani. Safari yao ilikuwa ya kuelekea upande wa Nyasa, wakaishia kwenye miamba ya Masasi wakajenga. Askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, Vincent Lucas, aliyewekwa mwaka 1926, alikuwa na msimamo uliowashangaza wengi wa wakati wake: jando lisipigwe marufuku, liingie kanisani. Wavulana wakawa wanakwenda kumbini na padri yupo, sala zipo, wazee wao wapo. Mzee anasema usiku walifundishwa heshima kwa nyimbo zilezile za babu zao, baadhi zimebadilishwa maneno. Nyingine hazikubadilishwa, akasema, na padri alijifanya hasikii.

Alipokuwa kijana askofu wao alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyetoka Johannesburg akiwa ameshapambana na ubaguzi, akakaa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Mzee anamkumbuka kwa urefu wake na kwa mwendo wake wa haraka.

Wakati wa kuaga akanishika mkono: "Kamtafuteni kungwi wa hapo kwenu. Kabla ya mchungaji, kabla ya mtendaji. Kungwi."

Ndani ya basi Baba Watoto hakusema kitu mpaka Mnazi Mmoja. Hapo akanunua korosho za kukaanga, akanipa, akasema, "Utakwenda wewe. Mimi mwanamume atanifukuza."

Jumamosi, 13 Aprili

Nilisubiri Ramadhani iishe na Idi ipite. Leo nimekwenda kwa bibi kungwi na kilo mbili za sukari na kitenge, nimepiga hodi uani, nimetoa shikamoo, nimekalishwa kwenye kigoda chini ya mwembe. Aliendelea kuchambua mbaazi kwenye ungo. Hakuniangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hawa mabinti nawafunda mimi. Wewe unataka kuwafunda nini tena?"

Nilikuwa na jibu nililoliandaa njiani, lenye aya za Biblia na mambo ya stadi za maisha. Likanitoka kichwani. Nikamwambia ukweli: nataka wajifunze kuimba, wacheze, wasome Neno, wakutane na wenzao wa Masasi na Njombe, na nataka nijue yeye anawatoa lini wali wake, hao mabinti walio unyagoni, ili nisimwingilie.

Akaacha ungo. "Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wali wanatoka Jumamosi tarehe 15 Juni. Jumatatu inayofuata inatarajiwa kuwa Idi ya kuchinja. Kwa hiyo sisi tunaweza kuanza Jumatano, tarehe 19. Alihesabu kwa vidole akanikabidhi tarehe kama mtu anayekukatia tiketi.

Naandika na hili, maana shajara isiyosema yote haina faida: yapo mambo ya unyago nisiyoyakubali. Binti wa miaka kumi anafundishwa mambo ya ndoa, na wapo ambao mwaka uliofuata hawakuonekana tena darasani. Nilimwambia bibi hivyo, taratibu. Akasema hata yeye siku hizi wadogo anawafundisha usafi na adabu tu, mengine anayaacha hadi wakue. Kisha akaniuliza sisi kambini tunalaza wavulana na wasichana uwanja mmoja, mpaka wetu ni nini? Nikamweleza habari za mama wa mkeka. Akacheka, tukanywa chai.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita jana kaskazini yetu, upande wa Mafia na Kilwa. Sisi tumepata upepo na mvua, paa la jiko limeng'oka bati mbili, basi. Kilwa ndiko kwenye msiba: barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga na kwingineko, mabasi yamekwama pande zote mbili. Magodoro 40 tuliyoagiza Dar yako upande usio wetu.

Ibada ilikuwa fupi. Tuliomba kwa ajili ya walio barabarani, na mtoto wetu wa kati akaomba kwa ajili ya magodoro.

Jumatatu, 13 Mei

Tangu jana intaneti haipo. Nyaya za chini ya bahari zimekatika upande wa kusini, nchi nzima inalia. Usharika uliotutuma unasubiri ripoti na picha ili watoe sadaka ya kambi Jumapili ijayo, na mimi siwezi kutuma hata neno moja. Nimempigia katibu simu ya kawaida nikamsomea ripoti yote, ukurasa kwa ukurasa, yeye anaandika. Alinikatiza mara moja tu: "Hao mnaowaita wali, ndio wale wa kuliwa?" Nikamweleza kwamba mwali mmoja, wali wengi, na hawapikwi.

Jumamosi, 25 Mei

Barabara inapitika kwa kubahatisha, magodoro yamefika. 38. Mwenye gari anasema mawili yalilowa akayaacha njiani. Hatubishani naye, Desemba tutamhitaji.

Leo tumepanga ratiba ya siku. Tunayo karatasi tuliyoachiwa na familia rafiki ya wamisionari kutoka Marekani, waliopita kwetu mwaka jana. Kwao kambi za kiangazi ni jambo la vizazi: ile ya Dudley, ya YMCA jimbo la New York, ilianza 1885 na ipo mpaka leo. Shule zao zinafungwa kuanzia Juni mpaka Agosti, jua linawaka, maziwa yana maji ya kuogelea, hivyo ratiba yao inajipanga yenyewe: asubuhi Neno, saa nne kuogelea, mchana mapumziko, jioni michezo, usiku moto na nyimbo. Kila watoto wanane wana kiongozi wao mmoja anayekula nao na kulala nao. Hilo la wanane na kiongozi wao ni zuri sana, tumelichukua lilivyo. Hilo la kuogelea saa nne tumelichukua pia.

Jumamosi, 8 Juni

Kibali cha mwenyekiti wa mtaa, tayari. Barua ya polisi, tayari. Fomu za wazazi 52. Mwalimu wa madrasa ya jirani alikuja na swali: wanafunzi wake wameona tunachonga magoli, je, wanaweza kuja kucheza? Tumekubaliana mpira wa saa kumi na moja jioni ni wa wote, na adhana ya magharibi ikilia mpira unakwisha, hata kama matokeo ni sare. Akasema, "Hasa kama ni sare," akaondoka.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Jirani zetu wametuletea mguu wa mbuzi na sinia la pilau. Wali wa bibi kungwi walitoka juzi, wamepakwa mafuta, wamevaa vitenge vipya, ngoma mpaka alfajiri. Wanne kati yao wamo kwenye orodha yangu ya Jumatano.

Jumanne, 18 Juni

Vijana tisa wa Njombe waliingia jana saa nne usiku. Wamepita Songea, wakalala Tunduru, wakaja na Masasi. Kosta lao lilipasuka tairi mara mbili. Wameshuka na masweta na blanketi nzito, mmoja ana kofia ya sufu. Kwao Juni kuna baridi ya kuua viazi shambani. Saa moja baadaye masweta yote yalikuwa yananing'inia kwenye mwarobaini. Asubuhi mambo yakageuka: watoto wa hapa wanatetemeka kwa kipupwe chao, wamejifunga khanga za mama zao, na wale wa Njombe wako kifua wazi kisimani wanawacheka.

Alhamisi, 20 Juni

Watoto ni 64, mbali na viongozi 11. Nimehesabu mara tatu.

Kuna mambo mengi na muda hautoshi wa kuandika. Mchele uko vizuri. Kuni mbichi. Kwaya ya Masasi inaimba sauti nne bila kinanda mpaka mtu unasahau kukoroga sufuria. Vijana wa Njombe wameonjeshwa ming'oko, wakatafuna kwa adabu kama wageni, ila mmoja akauliza kama ni mizizi ya mti gani. Ni mizizi kweli, inachimbwa porini, na hapa mtu akikuletea ming'oko iliyochemshwa amekupenda.

Jumamosi, 22 Juni

Hii ya leo niiandike yote.

Ratiba ilisema saa nne kuogelea. Tumeshuka kilimani watoto 64 mstari mrefu, tumepita chini ya boma la Wajerumani, tumepita na pale wanapoonyesha wageni kwamba Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Hakuna aliyesimama. Watu wanaona bahari mbele, nani atasoma kibao?

Tulipofika, bahari haikuwepo.

Ilikuwa tope. Tope jeusi linalong'aa, mashua zimelala ubavu, mikoko imebaki na miguu nje kama wanawake waliokunja nguo kuvuka mto, na maji yenyewe ni ule mstari wa buluu kule mbali karibu na mdomo wa ghuba. Kijana wa Njombe, yule mwenye kofia ya sufu, aliyesafiri siku mbili kuja kuiona bahari, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, imekauka?"

Pembeni palikuwa na mzee anashona jarife chini ya mkungu. Nikamsalimu, shikamoo babu, marahaba mwanangu. Akatazama watoto, akatazama taulo, akanitazama mimi.

"Nani kawapangia saa hii?"

Ningemjibu nini? Wamarekani?

Akatueleza bila haraka, sindano inaendelea. Usiku wa jana mwezi umekuwa mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama pia, ni bamvua: maji yanajaa kupita kiasi na yanakupwa kupita kiasi. Na kwa pwani yetu hii bamvua haina siri, maji yanajaa alfajiri na tena alasiri kwenye saa kumi, katikati yake, kwenye saa nne, ni hivi mnavyoona. Mngekuja wiki moja nyuma, wakati wa maji mafu, mngekuta mengine. "Rudini saa tisa. Na msiende ng'ambo ile ya mwamba, huu ni mwezi wa kusi, huko nje bahari imechafuka. Humu ndani ya ghuba hamna neno."

Miaka mitatu nakaa juu ya kilima nikiitazama ghuba hii kila asubuhi kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa naona inajaa na kukupwa. Sikuwahi kuihesabu.

Basi tukakaa. Mzee akaacha jarife akawachukua watoto topeni kwa makundi ya wanane wanane, akawaonyesha matundu ya kaa, chaza walioshika mizizi ya mikoko, na wanawake waliokuwa wanafukua kombe kwa vijiti. Wasichana wa hapa ndio wakawa walimu. Mmoja wa wale wali wanne, ambaye tangu Jumatano hakuwa amefungua mdomo, alikuwa na mkono mwepesi wa kuona tundu lenye kitu na tundu tupu. Akawa anawaamuru vijana wa kidato cha tatu: hapa, chimba, si hapo, hapa. Walimtii.

Kijana mmoja akakanyaga kile kidude cheusi cha miiba. Alipiga yowe lililofika sokoni. Nilikuwa nimeshafungua sanduku la dawa natafuta kibano, mama mmoja wa kombe akaniambia niweke sanduku langu, akamtuma mtoto alete papai bichi, akalikata akapaka utomvu juu ya unyayo. Miiba mingine ilitoka, mingine ililainika tukaichokoa jioni. Bado anachechemea.

Baada ya adhuhuri maji yalianza kurudi. Yalikuja bila kelele, kama mtu anayeingia ibadani amechelewa: kwanza mifereji, kisha tope, kisha mashua moja ikasimama, ya pili ikasimama. Saa kumi walikuwa ndani wote, hadi kifuani, viongozi wamesimama mstari upande wa kina kirefu wameshikana mikono na mzee yuko kwenye ngalawa yake nyuma yao. Kijana wa kofia alionja maji kwa kidole kwanza. Akatema. Akaonja tena.

Usiku, kwenye moto, zamu ya Neno ilikuwa ya Baba Watoto. Alikuwa ameandaa somo jingine. Akalifunga daftari lake akawauliza tu nani ana swali. Maswali yaliisha saa tano.

Jumapili, 23 Juni

Bibi kungwi amekuja kutembea. Alikaa kwenye mkeka kando ya jiko ibada nzima, akala nasi, akakagua bweni la wasichana bila kuniomba, akahesabu vyandarua. Alipoondoka akasema jambo moja tu: mpaka wenu ni mzuri, lakini taa ya chooni haiwaki. Ni kweli, haikuwa inawaka tangu Ijumaa. Mafundi wawili walishaniahidi.

Mpira: sare. Adhana ikalia.

Jumapili, 30 Juni

Hesabu. Ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa kila kijana wa huku, nao ni 55. Waliolipa yote ni 31. Wengine 24 wazazi wao walisema watalipa korosho zikiuzwa, tukakubali, na mhasibu wa usharika kule Njombe hajafurahi. Anasema deni la miezi minne ni sadaka iliyobadilishwa jina. Huenda. Nimeandika majina yote 24 ukurasa wa nyuma wa daftari hili, kwa penseli.

Babu wa jarife alikataa posho. Alitaka nyuzi za kushonea, namba aliyoitaka yeye, na tumempa mafungu mawili.

Kingine: mume wangu amebandika jikoni karatasi yenye miezi yote hadi Juni ijayo, mpevu na kuandama, kwa kalamu nyekundu. Kaichora na yule mzee. Chini yake kuna mstari mmoja mtupu wenye maneno "bibi: wali wanatoka lini?"

Jumamosi, 19 Oktoba

Mnada wa kwanza wa korosho, ule wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ulifanyika wiki iliyopita, bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mji umebadilika sura. Bodaboda mpya zina nailoni kwenye viti, fundi cherehani hapatikani.

Tangu Jumatatu wazazi wanakuja. Wengine wanatuma kwa simu, wengine wanapita wenyewe jioni. Mpaka jana kumi na sita. Nafuta majina ya penseli moja moja, na mhasibu namtumia ujumbe kila nikifuta, kwa makusudi.

Leo alfajiri, kabla sijawasha jiko, hodi. Bibi mmoja kutoka mbali, nadhani karibu na Nanguruwe, kaja na lori la magunia, amefunga khanga juu ya nguo za shamba. Mjukuu wake ni yule mwali wa kombe. Akafungua fundo kwenye pembe ya khanga, noti tatu za elfu tano zimekunjwa ndogo kama hirizi, akaziweka mezani moja moja akizinyoosha kwa kiganja.

Nikamwambia asante bibi, pesa imefika. Hakuondoka. Alitaka risiti. Nikatoa kitabu nikaanza kuandika jina lake, akanizuia mkono.

"La mjukuu. Andika la mjukuu, aliyeogelea ni yeye."

Risiti namba 48. Aliikunja, akaifunga kwenye fundo lilelile zilimotoka pesa, akauliza lori la kurudi linapita saa ngapi.